Madoa Kwenye Pembe

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa stoo, ufunguo mkononi, miguu imegoma kuingia kwa hofu ya mzigo uliokuwa ndani. Kwa wewe unayeanza nami leo, acha nikudokezee upesi, maana yaliyonikuta siku ile hayakunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa fundi wa mapaa, na paa ndilo lililomwondoa. Mama yake hakunirudisha kwetu. Aliniambia, "Aliyeondoka ni mwanangu. Wewe hujaondoka," akanishika mkono mpaka kwenye karakana yake.

Pale wanawake wa mtaa wetu wanatengeneza karatasi kwa mikono. Vigogo vya migomba ambavyo wakulima wanavitupa, sisi tunavimenya, tunavichemsha kwa magadi, tunavitwanga mpaka vinakuwa rojo. Rojo linamwagwa kwenye tangi la maji, tunalichota kwa fremu yenye wavu, maji yanachuja, na kinachobaki juu ya wavu ni karatasi. Nyumba nyingi za mtaa ule zinapika kwa sababu ya tangi lile. Likilala, wote tunalala nalo.

Mama Mkwe ndiye aliyeianzisha kazi ile. Kisha maji na magadi vikamla mikono. Ngozi ikapasuka kama kisigino cha mpita njia, vidole vikakataa kukunjika. Akaapa mbele yetu sote kwamba hatatia mkono majini tena, akaniachia mimi tangi. Mimi, mtoto wa kuja! Binti yake wa kumzaa, wifi yangu, niliyekuwa nikicheka naye mpaka watu wanaudhika, akapitwa hivi hivi. Tangu siku hiyo wifi akawa ananisalimia kwa nyusi.

Sasa turudi stooni.

Asubuhi ile mwenye duka la kadi alikuwa anakuja kuchukua mzigo wake. Sisi tunamwita Mama Kadi. Alitaka karatasi nyeupe, safi, za kadi za harusi. Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuupata, na wanawake walishaanza kuzitumia pesa zake kichwani kabla hazijalipwa.

Nikaufungua mlango. Nikafunua shuka lililofunika karatasi.

Ya juu ilikuwa na madoa.

Nikainua ya pili. Madoa. Ya tatu, madoa. Madogo, ya rangi ya kahawia, kama chai iliyodondoka. Yote yalikuwa pembeni, kwenye pembe za karatasi. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini pembeni tu. Lakini akili nayo ina siku zake za mapumziko.

Nikapiga kelele.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Moshi. Huyu ndiye mpikaji wa vigogo, anayeshinda mbele ya mapipa uani. Macho yake ni mekundu mwaka mzima. Ukimwuliza analia nini, atakujibu anailia kazi.

"Uuuwi!" akasema. "Hii ni kutu?"

"Mapipa yetu hayashiki kutu, Bi Moshi."

"Basi ni panya."

"Panya gani anayetia madoa pembeni peke yake?"

Akatazama nyuma, akausogeza mdomo karibu na sikio langu. Watu wengine walishajazana mlangoni.

"Mimi si mtu wa maneno, Kimbaumbau," akasema. Hilo ndilo jina langu pale, kwa sababu ya wembamba wangu. "Mimi si mtu wa maneno, lakini jana nilipita hapa. Siku ya mapumziko, watu wote makwao. Nikamwona wifi yako anatoka. Amejifunika, anatazama huku na huku kama aliyeiba kuku."

Jana mimi sikuwapo. Nilikwenda kumwona mama yangu mzazi, na Mama Mkwe ndiye aliyenihimiza niende. "Nenda kamwone mama yako," alisema, "karatasi hazina miguu."

Nikainama chini ya rafu. Nikaona kipande cha kitambaa kimechanwa. Chekundu, chenye maua meupe. Kila mtu pale anakijua. Ni kitambaa cha kichwa cha wifi yangu.

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipokiokota kile kitambaa, chini kabisa ya hasira yangu, nilifurahi. Ndiyo. Kwa muda mrefu nilikuwa najiona mwizi mbele ya wifi, kama niliyemnyang'anya kilicho chake. Sasa nimepata sababu ya kumwona yeye ndiye mbaya. Ilikuwa kama kutua mzigo.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nikatoka uani na kile kitambaa.

Wifi alikuwa ameketi anamenya kigogo, kisu mkononi, hana habari.

"Wifi," nikasema. "Hiki ni cha nani?"

Akakitazama. Akaacha kumenya.

"Changu."

"Jana ulikuwa hapa?"

Akafuta kisu kwenye aproni.

"Nakuuliza, jana ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Mungu wangu." Mwingine akasema tulizungumze ndani. Alikuwa anasema kweli, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Kama ulilitaka tangi, ungelisema!" nikapaza sauti. "Ungeniambia, wifi, nipishe, ningekupisha! Lakini kutuharibia kazi? Hawa wote watakula nini? Umewachafulia watoto wa wenzio chakula kwa sababu ya wivu!"

Neno "wivu" lilipotoka, nililiona linavyompiga. Uso ulimbadilika rangi. Alifungua mdomo, nikajua sasa atanijibu, na mimi nilikuwa tayari kwa jibu lolote.

Akaufunga.

Akatazama upande wa nyumba ya mama yake, iliyo ng'ambo ya uchochoro. Kisha akakiweka kisu chini taratibu, akafungua aproni yake, akaikunja vizuri kama anayeiaga, akaiweka juu ya kigogo.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Jitetee basi!"

"Umeshanihukumu, wifi. Nijitetee kwa nani?"

Akaondoka. Walioinuka kumfuata hawakuwa wachache. Wachotaji wangu wawili wazuri walikuwa miongoni mwao. "Hatuwezi kukaa mahali watu wanaumbuana hivi," mmoja akasema akipita. "Leo yeye, kesho sisi."

Nikabaki na Bi Moshi, na wengine waliobaki kwa sababu hawakujua pa kwenda.

Na honi ikalia getini.

Mama Kadi aliingia na viatu vyake virefu, anaruka matope kama kuku. Nikamwongoza stooni. Nilikuwa nimeshajipanga kusema nitakayosema, na yote yakanipotea. Nikafunua tu shuka.

Akachukua karatasi moja. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Akaipapasa.

"Nzuri hii."

"Ina madoa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Naona. Yako pembeni." Akaitazama tena, akaigeuza. "Dada, mimi kadi zangu ni ndogo kuliko karatasi hii. Pembe nazikata zote. Mashine inapita hapa, na hapa. Madoa yanabaki chini na takataka."

Nilimwangalia kama mtu aliyeamka usingizini.

"Unachukua?"

"Kwa nini nisichukue? Mwaka wote natafuta karatasi ya namna hii. Wapakie, dereva anangoja."

Bi Moshi akapiga vigelegele nusu, akavikatiza katikati alipoona uso wangu. Maana nilikuwa nimeshaelewa. Ningefunga mdomo kwa muda mfupi tu asubuhi ile, mzigo ungeondoka, wifi angekuwa ameketi anamenya kigogo chake, na mambo ya madoa tungeulizana taratibu, ndani, kama ndugu. Mdomo uliponza kichwa. Lakini walau mzigo unaondoka, nikajiambia. Wifi nitamfuata jioni.

Tukaanza kupakia.

Tulikuwa tumeshabeba nusu ya karatasi mpaka garini, aliposimama mtu getini.

Mama Mkwe.

Huwa hatoki asubuhi, viungo vinamuuma. Alikuja bila viatu, mtandio umemwanguka mabegani. Mikono alikuwa ameificha ndani ya mtandio kama anavyofanya siku zote. Habari zilishamfikia. Mtaa wetu hauhitaji simu.

"Nani amesema mwanangu ameharibu karatasi?" akauliza.

Wanawake wakageuza nyuso.

"Nimeuliza, nani?"

"Mimi, mama," nikasema.

Akaja mpaka mbele yangu. Nikadhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Badala yake aliitoa mikono ndani ya mtandio. Ilikuwa imefungwa vitambaa, vidole karibu vyote. Vitambaa vyekundu vyenye maua meupe.

Akaanza kuvifungua kwa meno.

"Mama, acha," nikasema. "Mama, tafadhali."

"Tazama."

Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka hadi nyama. Nyingine zilikuwa zimeanza kufunga, nyingine zilikuwa bado mbichi.

"Jana nilikuja mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Niliona kazi itachelewa. Karatasi za juu zilikuwa bado mbichi, hazijabanduliwa moja moja zianikwe, na mgeni alikuwa anakuja leo. Nikasema nitabandua mimi. Nimebandua karatasi tangu nyinyi hamjaota meno, nitashindwaje? Mwanangu akanikuta hapa, damu inatoka. Akachana kitambaa chake akanifunga. Akanisihi niache, sikumsikia. Akanisaidia kuzianika zote. Nikamwapisha asimwambie mtu. Nilimwapisha kwa maziwa niliyomnyonyesha."

Pembeni. Karatasi mbichi inashikwa pembeni, kwa ncha za vidole. Kila siku ninazishika hivyo mimi mwenyewe. Na asubuhi ile sikujiuliza hata nani ameanika zile nilizoziacha mbichi.

"Mimi ndiye mharibifu," Mama Mkwe akasema. "Anayetaka kutukana, anitukane mimi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini ardhi nayo huchagua wa kummeza.

Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Samahani. Amesema damu?"

Alikuwa Mama Kadi. Karatasi aliyokuwa ameishika aliiweka chini, juu ya mawe, kwa vidole viwili.

"Pembe unazikata, dada," nikasema haraka. "Umesema mwenyewe unazikata."

"Nilidhani ni chai. Nilidhani ni kutu, sijui. Hii ni damu ya mtu. Kadi za harusi hizi!" Akajifuta mikono kwenye gauni. "Maharusi wakijua nimewapa kadi zilizoingia damu, nitamwambia nini mtu? Hapana. Hapana, nisameheni. Shusheni."

"Zile zisizo na madoa..."

"Shusheni zote."

Dereva akashusha. Mama Kadi hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuingia garini alinivuta kando.

"Harusi bado," akasema. "Nikipata nyingine safi kabla mashine haijamaliza kazi iliyonayo, nitachukua. Lakini iwe mikono yenu nyinyi. Yule mama asiguse. Naomba uniahidi."

"Nakuahidi," nikasema.

Ahadi hiyo niliitoa nikiwa nimebaki na wanawake wachache, wachotaji wameondoka, na tangi lina rojo kidogo tu.

Sikungoja jioni. Nilikwenda kwa wifi jua likiwa utosini.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la mshonaji. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani anashona aproni kuukuu, sindano inakwenda haraka kuliko kawaida. Hakuinua kichwa.

"Hodi."

"Ingia, hakimu."

Nikaingia. Hakunionyesha pa kukaa, nikakaa chini sakafuni.

"Mama amesema," nikasema.

"Nimeshajua. Bi Moshi amenitangulizia. Yeye si mtu wa maneno."

Siku nyingine tungecheka. Tulikaribia kucheka. Lakini machozi yakamtangulia.

"Wifi, nisamehe."

"Unajua kilichoniuma ni nini? Si kwamba umesema nimeharibu. Karatasi zilikuwa na madoa, kitambaa ni changu, hata mimi ningeshuku. Umesema wivu. Mbele za watu. Unadhani niliacha kuzungumza nawe kwa sababu ya tangi?"

"Si kwa sababu hiyo?"

"Tangi!" Akatupa aproni. "Nilimwona mama anavyokukabidhi. Nilifurahi, nikasema sasa atapumzika, amempata mtu. Halafu nikaanza kumkuta. Siku za mapumziko. Saa za kula, nyinyi mmekwenda. Anajifungia na fremu, anajaribu. Nikamfunga vidonda mara ngapi! Nikitazamana na wewe nilikuwa naona nitakwambia. Kwa hiyo sikukutazama."

Huyo ndiye niliyemwona ananisalimia kwa nyusi. Kumbe alikuwa amebeba siri ya mama yetu peke yake, na mimi namhesabia kiburi.

"Daktari alisema nini?" nikauliza. Nilijua wiki kadhaa nyuma yeye na mama walikwenda pamoja zahanati, na mimi niliambiwa ni mafuta ya kupaka tu.

"Alisema akiendelea kutia mikono majini, vidonda vitaingia ndani. Mkono utakatwa. Alisema mbele yake. Tulipotoka akaniambia daktari yule bado mtoto."

Nje cherehani ya mshonaji ilikuwa inalia.

"Rudi, wifi," nikasema. "Mama Kadi bado anazitaka. Ukirudi wewe, wenzio watarudi. Nitakuomba radhi palepale nilipokuumbua, mbele ya walewale."

"Nitarudi. Kwa sharti moja."

"Sema."

"Wewe umwambie mama kwamba basi. Asikaribie tangi tena, siku ya kazi wala ya mapumziko. Ufunguo wake auweke mkononi mwako. Mimi nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu. Mimi ananiona mtoto. Wewe alikupa kazi. Wewe umwambie."

"Wifi, yule mama alinitoa..."

"Najua alikutoa wapi. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Tulirudi pamoja. Wenzake walimwona akipita, wakajiunga mmoja mmoja, wengine hawajanawa hata mikono ya chakula. Tulipoingia uani tulikuwa kundi.

Mama Mkwe alikuwa ameketi kwenye kibao kando ya tangi. Vitambaa alikuwa amevifunga upya, mwenyewe, vibaya.

Nilipiga magoti palepale penye maganda ya kigogo. "Wifi yangu," nikasema, "nilikusingizia. Hukuharibu kitu, na huna wivu. Mwenye wivu nilikuwa mimi. Nisamehe mbele ya hawa." Wifi akaniinua kwa kwapa, akanikumbatia, wanawake wakapumua kama waliokuwa chini ya maji.

Kisha akanigeuza, nikawa natazamana na mama yake. Nikahisi kidole chake mgongoni kinanisukuma.

"Mama," nikasema.

"Mwanangu."

"Mama, daktari amesema... Sisi tumesema... Mama, naomba usitie tena mkono majini. Hata siku ya mapumziko. Naomba huo ufunguo."

Bi Moshi peke yake ndiye aliyekohoa, na ule ulikuwa moshi.

Mama Mkwe alinitazama. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningejua la kufanya.

"Tangi nilikupa," akasema taratibu. "Na mikono nilikupa?"

"Hapana, mama."

"Mzigo wa hawa watu umerudishwa kwa sababu yangu. Mama Kadi alisema yule mama asiguse, si ndivyo? Nimesikia. Mimi si kiziwi. Sasa niende nyumbani nikakae, ninyi mnilipie kosa langu?"

Akasimama. Akauvua ufunguo shingoni, akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake. Nikadhani yamekwisha. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Maana aligeuka, akaichukua fremu ukutani. Haikushikika. Ikamponyoka, akaidaka kwa mapaja. Akaitegemeza kwenye ukingo wa tangi kwa vifundo vya mikono, vitambaa vikagusa maji.

"Mama!" wifi akapiga kelele.

"Moja tu," Mama Mkwe akasema. Hakuwa anasema na binti yake. Alikuwa anasema na mimi. "Sitaki iwe ya kuuzwa. Nataka niinue moja, nijue kazi imeniaga. Vidole vimekataa, viwiko bado ni vyangu. Njoo unishike viwiko, mwanangu."

"Wifi," wifi yangu akasema nyuma yangu, na sauti yake haikuwa ya kelele tena. "Uliniahidi. Ukimshika, natoka, na safari hii sirudi."

Nikasikia miguu ya wanawake ikisogea kuelekea kwake.

Mama Mkwe hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya maji, mgongo wake mdogo umekunjika, anangoja, kama nilivyowahi kungoja mimi mlangoni kwake siku ile nilipofiwa, sijui nitafukuzwa au nitakaribishwa.

Nikautia ufunguo mdomoni nipate mikono yote miwili. Nikasogea. Nikainyoosha mikono.

Na nawaapia, wakati inakwenda, hata mimi mwenyewe sikujua kama inakwenda kushika viwiko au kumpokonya fremu.